Kitabu, kozi ya onlaini, chuo au mzee wa kazi: meneja uliyebanwa uanze na kipi?

Mimi nilipandishwa cheo 2018, kutoka karani wa upakiaji mpaka meneja wa bohari, watu 23 chini yangu, malori 9, na hakuna aliyekaa na mimi hata siku moja akanionyesha namna ya kuongoza watu. Nilikabidhiwa funguo za ofisi na simu ya pili, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikaripoti kama bosi kwa watu ambao jana yake tulikuwa tunakula wote ugali kwa mama ntilie. Tangu hapo nimejifunza kwa njia karibu zote zilizopo, nyingine kwa hela yangu, nyingine ofisi ililipa, kuna zilizonisaidia kweli na kuna zilizonilia miezi bure.

Sasa wiki mbili zilizopita dada mmoja tuliyekuwa naye upakiaji kapandishwa kuwa supavaiza, akanitumia meseji: "Kaka pole na majukumu. Nianzie wapi kusoma haya mambo ya umeneja? Natoka kazini saa moja usiku, nina mtoto wa miaka miwili, muda sina kabisa." Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika 11 bado niko kwenye vitabu, nikafuta nikaona bora niandike, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza muda wako ni wa aina gani

Tunasema "sina muda" kama vile muda ni kitu kimoja. Mimi nauona kama hela, kuna muda wa noti na kuna muda wa chenji. Muda wa noti ni masaa mawili matatu mfululizo hakuna anayekugongea mlango. Muda wa chenji ni zile dakika 10 unasubiri lori litoke kwenye mzani, dakika 40 za foleni, robo saa kabla kikao hakijaanza. Wengi wetu tuna chenji tele na noti hatuna, halafu tunaenda kununua vitu vinavyotaka noti, tunajiandikisha kozi ya miezi sita, wiki ya tatu tumeacha, na tunajiona wavivu wakati shida ilikuwa kwenye kuchagua.

Na kama hujui una muda gani, njia ya kujua haina gharama. Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya umeneja, aliieleza 1967 kwenye kitabu chake The Effective Executive, kwamba usianze na kupanga kazi, anza kwa kuandika muda wako unaenda wapi kweli, na uandike palepale jambo linapotokea, usingoje jioni ukae unakumbuka. Mimi nilichukua kaunta buku nikaandika siku tano. Jumanne peke yake nilikatizwa mara 19 kabla ya saa sita mchana, na kati ya hizo mara 12 walikuwa watu wawili walewale, stookipa na kiongozi wa zamu ya usiku, na karibu maswali yao yote yalikuwa ya jambo moja: nani anaruhusiwa kusaini mzigo ukipungua. Yaani nilikuwa nahangaika kutafuta kozi ya kupanga muda na jibu lilikuwa karatasi moja ya utaratibu ibandikwe pale getini. Tukaibandika.

Kusikiliza na kusoma

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Podikasti na vitabu vya sauti vinaendana na chenji vizuri sana, ukiwa Tegeta unakwenda Barabara ya Nyerere una saa nzima masikioni asubuhi na saa nzima jioni, hata ukiwa umesimama kwenye daladala huwezi kufungua kitabu ila hedifoni unavaa. Ile podikasti ya jarida la Harvard Business Review, IdeaCast, nimeisikiliza miaka, na naipenda, mahojiano mafupi, watu wanajua wanachosema. Ila niseme ukweli wangu, ukiniuliza leo nilifanyia kazi mangapi kati ya niliyosikiliza, nahesabu vidole vya mkono mmoja. Sauti inapita. Huwezi kupiga mstari chini ya sentensi, ukifika getini mlinzi anakuambia lori limegoma na kila kitu kimefutika. Kilichonisaidia kidogo ni kwamba kabla sijashuka najirekodi voisi ya sekunde 30, najitumia mwenyewe wasapu, "leo fanya hivi kwa fulani". Bila hiyo, kusikiliza kunakupa moyo, na moyo ni kitu kizuri siku ngumu, ila ujuzi ni kitu kingine.

Kitabu cha karatasi kinataka mwanga na kukaa chini, ila kinakaa na wewe. Na siyo kila kitabu kinataka noti. The One Minute Manager ya Blanchard na Johnson, ya 1982, ni hadithi fupi ya kurasa mia na kidogo, unaimaliza Jumapili moja. Mambo yake matatu ni malengo mafupi yaliyoandikwa, kumsifia mtu mara moja anapofanya vizuri, na kumkosoa mara moja anapokosea bila kumdhalilisha. Ni chepesi, watu wengine wanakiona cha kitoto, lakini kwa mtu wa wiki ya kwanza kazini naona kinamtosha kabisa, kwa sababu kosa letu kubwa mwanzoni ni kukaa kimya mtu akifanya vizuri halafu kuja kulipuka akikosea mara ya tano.

The Making of a Manager ya Julie Zhuo, 2019, inamfaa zaidi aliyepandishwa juu ya wenzake. Yeye alifanywa meneja Facebook akiwa na miaka 25, na anaandika kuhusu ile hofu ya kukaa mezani na mtu uliyekuwa sawa naye jana. Mazingira yake ni ya ofisi za programu za Kalifornia, hakuna lori wala mlinzi wa geti, ila hiyo hofu ni ileile. Sura moja moja unaisoma kitandani mtoto akilala.

Kwangu lakini kitabu chenyewe ni High Output Management cha Andy Grove wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, 1983. Hiki ni kigumu kidogo, ukurasa mwingine unausoma mara mbili. Anaanza na kifungua kinywa: yai la kuchemsha, tosti yenye siagi, na kahawa, vyote vifike mezani kwa wakati mmoja vikiwa vya moto. Yai ndilo linalochukua muda kuliko vyote, kwa hiyo ratiba nzima inapangwa kulifuata yai. Nilisoma pale nikafunga kitabu nikawaza, yai letu ni lipi? Siku zote tulikuwa tunagombana na wapakiaji kwamba wako taratibu, tunawaongezea watu, malori bado yanatoka saa nne asubuhi badala ya saa mbili. Nikasimama getini asubuhi tatu na saa mkononi. Lori lilikuwa linapakiwa dakika 35 halafu linakaa dakika 50 linasubiri mhakiki mmoja ahesabu na kusaini, mtu mmoja kwa malori 9. Yai letu lilikuwa yule mhakiki. Tukamfundisha wa pili, tukaanza kuhakiki wakati lori linapakiwa badala ya kusubiri lijae, na hatukuongeza mpakiaji hata mmoja. Kitabu kile nilikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta kwa elfu nane.

Kitu kingine Grove anachokaza ni kikao cha watu wawili, wewe na mmoja wa watu wako, na kwamba ajenda ni ya yule wa chini siyo yako. Mimi nilianza na nusu saa kila baada ya wiki mbili na viongozi wangu wanne wa zamu. Vikao viwili vya kwanza walikaa kimya, walidhani wameitwa kukemewa. Cha tatu mmoja akaniambia mambo ya zamu ya usiku ambayo nilikuwa siyajui miaka miwili.

Kuna na kitu cha zamani zaidi ambacho sioni watu wakikitaja na mimi nakipa alama kubwa, hasa kwa anayesimamia watu wa kazi za mikono: Training Within Industry, mafunzo ambayo serikali ya Marekani iliyatengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vilipojaa wafanyakazi wapya. Miongozo yake inapatikana bure. Sehemu ya kumfundisha mtu kazi ina hatua nne, unamtayarisha, unamwonyesha, unamwacha ajaribu, unamfuatilia. Inaonekana ndogo, ila sisi wengi tunafanya hatua ya pili peke yake, tena haraka haraka, halafu tunasema huyu kijana mzito.

Kozi za onlaini

Coursera na edX, tovuti za kozi, zote zilianza 2012, edX ilianzishwa na Harvard na MIT, Coursera na maprofesa wa Stanford. Alison ya Ireland ilianza mapema zaidi, 2007, na kozi zake unasoma bure, unalipia ukitaka cheti. Ubora wa masomo siyo tatizo, unamsikiliza mwalimu wa chuo kikubwa ukiwa Mbagala, jambo ambalo baba zetu hawakuwa nalo. Coursera unaweza kudaunlodi vidio kwenye apu ukiwa na wifi ya ofisini ukaangalia njiani bila kula bando. Ada na masharti ya kusoma bure yanabadilika, kwa hiyo soma vizuri kabla hujaweka kadi, na siku hiyohiyo weka alamu ya kusitisha malipo, wengi wamekatwa hela miezi mitatu kwa kozi waliyokwisha kuisahau.

Tatizo lake ni kumaliza. Watafiti waliangalia kozi za Harvard na MIT kwenye edX wakakuta katika mwaka wa masomo 2017 na 2018 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya waliojiandikisha. Asilimia 3! Nami nilikuwa kwenye zile 97 mara tatu. Kozi niliyoimaliza ni moja, na niliimaliza kwa sababu tulikuwa wanne ofisini tumeanza pamoja, kila Alhamisi saa saba na nusu mchana tunakaa kantini dakika 20, kila mmoja anasema amejifunza nini na amejaribu nini, ukija mikono mitupu unaona aibu. Kwa hiyo ushauri wangu kwenye kozi ya onlaini ni huu tu, usijiandikishe peke yako. Na chagua kozi inayokupa kitu cha kutengeneza, bajeti, mpango wa zamu, fomu ya tathmini, siyo ya kuangalia vidio na kubofya maswali manne. Eksel kwa mfano, onlaini inashinda kitabu mbali sana, unasimamisha vidio, unajaribu, unarudia. Lakini namna ya kumwambia mtu wa miaka 55 kwamba kazi yake imeshuka, hapana, hiyo hujifunzi kwenye skrini.

Chuo

Hapa sikai sana kwa sababu uamuzi wa chuo mara nyingi siyo wa kujifunza, ni wa cheti, na cheti ni sababu halali kabisa. Kama mbele yako kuna nafasi ambayo tangazo linataka shahada, vitabu vyote vya dunia havitakuvusha. Kwa mtu asiyeweza kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, ndicho kilijengwa kwa ajili yake, masomo ya masafa na vituo mikoani. Kama ni kozi fupi ya wiki moja mbili na mwajiri analipa, kuna ESAMI, taasisi ya mafunzo ya umeneja pale Njiro Arusha, ni ya serikali za nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, na faida yake kubwa kwangu ni wale unaokaa nao darasani, meneja wa bandari, mtu wa maji kutoka Zambia, mhasibu wa Uganda, mnakula pamoja, mnagundua mnalia kilio kimoja. Walio serikalini wana Taasisi ya Uongozi Dar es Salaam, iliyoanza 2010, ina stashahada ya uzamili ya uongozi wanayotoa na Chuo Kikuu cha Aalto cha Ufini. Walio Nairobi wana Chuo Kikuu cha Strathmore.

Ila kozi ya kukaa hotelini siku mbili, mapochopocho, cheti kwa kila aliyehudhuria na hakuna hata zoezi moja, hiyo hata ofisi ikilipa mimi siku hizi naomba hiyo hela iende kwenye kitu kingine. Niliwahi kwenda moja, sikumbuki hata mada.

Mzee wa kazi

Hiki ndicho watu wanakiruka, na kama ningeruhusiwa kuchagua kimoja tu ningekichagua hiki. Kuna mzee alistaafu usimamizi wa stoo, anakaa Temeke, nilimfuata 2019 baada ya kumfokea dereva mbele ya watu na yule dereva akaacha kazi. Sikwenda na karatasi wala ada, nilienda na kilo mbili za sukari. Tukakaa barazani, kahawa na kashata, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Mwanangu, kabla hujamfokea, ulikuwa umemwuliza nini?" Nikatafuta jibu sikulipata. Nilikuwa sijamwuliza chochote. Akanyamaza, akaongeza kahawa. Hakuna kitabu kilichoniingia kama ule ukimya.

Tangu siku hiyo naenda mara moja kwa mwezi. Ubaya wake ni kwamba mzee anajua mambo ya wakati wake, kompyuta na mifumo ya sasa hayajui, na mengine anashauri kwa ukali wa zamani ambao leo utakupeleka kwenye malalamiko. Kwa hiyo chuja anayosema. Lakini anakujua wewe, anajua watu wa aina yako, na anakukumbusha ulichoahidi mwezi uliopita, podikasti haiwezi hilo. Kwa mwanamke naona inafaa zaidi kupata mama au dada aliyepitia, kuna mambo ya kuongoza wanaume wa bohari ambayo mimi siwezi kumfundisha dada yangu huyu.

Yeye mzee ndiye aliyenifanya nielewe makala moja niliyokuwa nimeisoma juu juu, ya William Oncken na Donald Wass, Harvard Business Review 1974, ile ya tumbili. Wanasema mtu wako anakuja na tatizo amelibeba mgongoni kama tumbili, anakuambia "bosi tuna shida", wewe unajibu "niachie nitaliangalia", basi tumbili karuka kahamia mgongoni kwako, yeye anaondoka mwepesi. Nilikuwa na tumbili wengi ajabu. Dereva: bosi breki hazishiki vizuri. Mimi: niachie. Stookipa: bosi wamepungua katoni tatu. Mimi: niachie. Siku hizi nauliza, "Wewe unaona tufanyeje, na utaniambia lini?" Breki peke yake siulizi, lori linasimama palepale.

Jambo la lugha

Karibu vyote nilivyotaja viko kwa Kiingereza, na watu tunaowaongoza tunaongea nao Kiswahili kutwa. Kwa hiyo chochote unachosoma kina kazi ya pili, kukileta kwenye maneno ya bohari. Nilijaribu kusema "kukasimu madaraka" kwenye kikao, nikaona nyuso zimeganda. Nikasema, "Hili nakuachia wewe, amua unavyoona, ila Ijumaa saa nane unieleze limefikia wapi." Kila mtu akaelewa. Hicho sasa ndicho kipimo changu, nikishindwa kulieleza jambo kwa mwendesha folklifti kwa sentensi mbili najua bado sijalisoma, narudi.

Kwa hiyo nani achukue nini

Uliyepandishwa mwaka huu, mtoto mdogo, chenji tupu: kitabu kimoja chembamba na mzee au mama mmoja, kozi acha kwanza. Uliye kazini miaka mitatu na kuendelea na mambo yanakwama sehemu ileile kila mwezi: Grove, polepole, kurasa kumi kwa wiki, na usimame kwenye hilo eneo na saa mkononi. Unayekwama kwenye kitu cha kiufundi, hesabu, Eksel, bajeti: kozi ya onlaini na wenzako watatu. Unayeona kuna nafasi juu na cheti ndicho kinakuzuia: chuo, na ukubali kabisa kwamba miaka miwili Jumamosi zako zimekwenda, uongee na familia kabla hujalipa fomu. Unayetumia masaa mawili kwa siku barabarani: sikiliza, ila na ile voisi ya sekunde 30.

Dada yangu wewe ni wa kwanza hapo. Blanchard nitakuletea Jumamosi, nimeandika andika pembeni kwa kalamu, usijali, soma na hayo. Yule mama aliyekuwa zamani msimamizi wa zamu kiwandani nimeshaongea naye, anasema uje Jumapili baada ya ibada. Kaunta buku nunua mwenyewe, kwaya mbili inatosha, uanze kuandika Jumatatu ukishuka tu kwenye daladala.